Shajara ya mradi: huyu jamaa anabembeleza au anatisha?

Wiki ya 1, Jumamosi usiku

Haya, nimeanza rasmi. Kwa ambaye hana habari, natafsiri shairi moja la Kiingereza la Andrew Marvell, mshairi Mwingereza wa karne ya 17, linaitwa "To His Coy Mistress", lina mishororo 46 tu, mwanamume anamwambia mwanamke tuache kusubirisubiri, tulale pamoja sasa hivi maana kifo kiko njiani kinakuja. Mtaani tungesema jamaa anapiga saundi. Nataka nilitoe kwenye kijitabu, shairi liwe katikati halafu pembeni maelezo ya watu wawili wasioelewana, mmoja anamtetea msemaji na mwingine anamshitaki. Kopi kumi na mbili za kikundi chetu cha kusoma hapa Tanga, basi, sio mradi wa kutajirika.

Utetezi nimempa mjomba. Amefundisha Kiingereza mpaka kastaafu na shairi lote analo kichwani, ukimsalimia shikamoo anaweza kuitikia marahaba halafu akaendelea na mshororo wa kumi kama vile mlikuwa mnaongea tangu asubuhi. Mashitaka nimempa wifi yangu, karani wa mahakama. Fasihi aliachana nayo kidato cha pili lakini mtu anayejichanganya kizimbani anamjua hata kwa kikohozi. Ameshajiita Jamhuri. "Jamhuri iko tayari, wifi, leta faili."

Jina la shairi limenishinda siku ya kwanza tu. Niliiambia simu initafsirie nikapewa "Kwa Hawara Yake Mwenye Haya", nikaituma kwenye grupu kama utani, wifi dakika hiyohiyo: hawara tena ana haya ya nini? Kumbe kwenye mashairi ya mapenzi ya miaka ile lile neno *mistress* ni yule mwanamke anayependwa, bibie, mtu anayebembelezwa, sio mchepuko wa mtu. Nimeandika "Kwa Bibie Wake" halafu nikaacha nafasi ya neno la tatu la Kiingereza, *coy*.

Kitu kimoja nimekiona leo na sitaki kikanipotea. Jina linasema bibie *wake*, halisemi bibie wangu. Ndani ya shairi jamaa anasema mimi, mimi, mimi mwanzo mwisho, ila juu kabisa kuna mtu mwingine anamnyooshea kidole kwamba haya maneno ni ya yule pale. Wenzetu Wakenya wana neno tamu sana la hii habari, nafsineni, na yule anayeambiwa wanamwita nafsinenewa. Sisi huku tunasema msemaji tu halafu tunamchanganya na mshairi kila siku. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mradi: anayeshitakiwa ni nafsineni, Marvell hahusiki, Marvell alikuwa mbunge wa mji wa Hull huko Uingereza karibu miaka ishirini na haijulikani kama aliwahi hata kuoa.

Wiki ya 1, Jumatatu

Lile neno la tatu. Siku nzima, neno moja.

Neno lenyewe la Kiingereza, *coy*, asili yake ni Kifaransa cha zamani na nyuma yake Kilatini, *quietus*, mtu aliyetulia, mkimya. Enzi za Marvell linaweza kuwa mtu mwenye soni, linaweza kuwa mtu anayejiweka mbali, linaweza pia kuwa anayeringa. Yaani Mwingereza analiacha tu pale na kila msomaji anachagua la kwake. Mimi Kiswahili kinanikaba. Nikisema mwenye haya, nimemsifu, binti katulia, kalelewa. Nikisema anayeringa nimemlaumu. Anayejishaua ndio kabisa nimemtukana.

Mjomba akapiga simu saa mbili usiku, ana furaha kama kaokota hela, "andika *anayejivunga*, mwanangu, ndilo lenyewe". Na kweli, kwa dakika tano nikaona ndilo lenyewe. Mgeni kaja kwako unamkaribisha chakula anasema nimeshiba, unamwambia usijivunge bwana, kula. Lina utamu wake hilo neno, lina ukaribu.

Wifi kaniletea voisi ya dakika sita. Nafupisha: kujivunga maana yake mtu *anataka* ila anajifanya hataki. Sasa nani kakwambia huyu mama anataka? Umeuliza? Yupo wapi kwenye shairi aseme? Ukiandika anayejivunga umeshatoa hukumu kabla shahidi hajaitwa, umechukua maneno ya mshitakiwa ukayafanya ndio ukweli wa mahakama.

Nimekaa na hiyo voisi mpaka bando likaisha. Ana haki. Kwenye shairi zima hakuna pahali mwanamke anasema ndiyo wala hapana. Tunaambiwa anajivunga na mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye anayetaka kulala naye.

Hali ya mradi: jina bado. Nimeweka nukta nukta.

Wiki ya 2, Jumatano

Leo mizani, na hapa nina furaha maana kuna bahati. Mshororo wa Marvell una silabi nane. Mshororo wa utenzi wetu nao una mizani nane. Yaani nguo imeletwa na kumbe ni saizi yangu. Tofauti ni vina tu, yeye anapanga viwili viwili, wakati utenzi unataka vitatu vifanane na cha nne kibebe bahari, kina kilekile kila ubeti mpaka mwisho. Nimeamua kumfuata yeye, viwili viwili. Mjomba kasema wapo watakaosema ni guni, shairi lililovunja kanuni, waseme.

Mishororo miwili ya kwanza, jaribio la kwanza:

*Kama muda tungepata,*
*haya yako si matata.*

Nikahesabu kwa vidole, nane na nane, nikajipongeza. Kwenye grupu Jamhuri akauliza, Mwingereza pale kasema matata? Nikamjibu hapana, kasema kosa la jinai kabisa, neno la mahakamani. Akasema basi usimpunguzie shitaka, wifi, yeye ndiye kaleta lugha ya kesi, muache nayo. Nikarudi mezani:

*Muda tungejipatia,*
*haya yako si hatia.*

Imekaa vizuri kuliko mwanzo. Halafu ndio nikagundua balaa, kwamba hapo pa "haya yako" naweza kuweka "kujivunga" na mizani haiguswi, *kujivunga si hatia*, na naweza kuweka "kukataa" nayo ikakaa, *kukataa si hatia*. Silabi nne kila moja. Vina havidai kitu, mizani haidai kitu. Nilitegemea kanuni zinisaidie kuchagua zikanikimbia. Nimeziandika zote tatu kwenye kikaratasi nimekibandika ukutani juu ya feni ya meza.

Wiki ya 2, Ijumaa

Sehemu ya kwanza yote, mishororo 20, imeisha leo. Hii ndiyo sehemu tamu, jamaa anasema kama tungekuwa na muda wote wa dunia ningekupenda polepole, wewe ungekuwa kando ya mto Ganges India unaokota rubi na mimi ningekuwa kando ya Humber nalialia. Humber ni mto wa kwao, Hull iko hapohapo. Kwa hiyo bibie kampeleka India kwenye vito na yeye mwenyewe kabaki kijijini na tope, hapo kuna kichekesho ambacho Mwingereza anakiona bila kuelezwa. Nilitaka niweke Ruvuma na Pangani ili na sisi tucheke, nikaandika kabisa, mjomba akasema mwache Hull, ukimleta Pangani itabidi umvishe na msuli. Nimemwacha Hull.

Halafu aibu yangu ya wiki. Kuna pahali anasema mapenzi yake yangekua kama mmea, mapana kuliko himaya na taratibu kuliko himaya. Kwa Kiingereza ni *vegetable love*, na mimi kwenye drafti nimeandika "mapenzi yangu ya mboga". Ya mboga! Na nikaituma kwenye grupu hivyohivyo bila kusoma mara ya pili, mtu mmoja akauliza mchicha au matembele, na mpaka leo wananiita hivyo. Mjomba alinielewesha kwa upole kwamba wasomi wa zamani waligawa nafsi, kuna nafsi ya mmea ambayo kazi yake kukua tu, kuna ya mnyama, kuna ya mtu anayefikiri. Kwa hiyo jamaa anasema mapenzi yanayokua tu, kimyakimya, kama mbuyu. Nimeweka mbuyu? Hapana, nimeweka "kama mti". Mbuyu ungekuwa Pangani tena.

Jamhuri naye kapiga hesabu. Miaka 100 ya kusifia macho na kutazama paji la uso, miaka 200 kwa kila titi, 30,000 kwa vilivyobaki. Jumla 30,500. "Na moyo kaupangia mwisho kabisa, wifi, umeona? Ziara nzima ya mwili ndio tunafika moyoni." Utetezi ukajibu kwamba hiyo ni chumvi ya makusudi, anacheza, mwanamke mwenye akili anacheka naye, na ukweli ni kwamba anajua kuna mwanamke mwenye akili pale, humwandikii mjinga utani wa namna hii. Hii hoja naiona nzito. Nimeiandika upande wa kushoto kama alivyoisema.

Wiki ya 3, Jumapili, nimechelewa kulala

Sehemu ya pili. Mishororo 12 tu lakini imenichukua siku mbili nzima.

Hapa hewa inabadilika ghafla. Alikuwa anasema laiti laiti, sasa anasema *lakini*. Lakini nyuma yangu naisikia gari ya Wakati ina mabawa inakuja mbio, na mbele yetu jangwa la milele. Uzuri wako hautaonekana tena. Kwenye kaburi lako la marumaru wimbo wangu hautasikika. Halafu anasema lile jambo, kwamba funza ndio watakaoujaribu huo ubikira wako ulioutunza miaka yote, heshima yako itakuwa vumbi na tamaa yangu itakuwa majivu.

Nilipoisoma kwa sauti kwa Kiswahili mara ya kwanza nilinyamaza. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeizoea, ina mwendo mzuri, inapita. Kwa Kiswahili neno *funza* likakaa mbele yangu pale mezani. Mimi nimekulia nyumba ambayo funza ni mdudu wa maembe na wa nyama iliyolala, namjua anavyosogea.

Mjomba anasema hii ni desturi ya zamani, Warumi walikuwa nayo, mshairi wao Horasi kaishaandika miaka mingi kabla ya Yesu kuzaliwa kwamba chuma siku ya leo usiiamini kesho, na watu wa karne ya 17 walizungukwa na vifo, fuvu lilikuwa pambo la mezani, kumtajia mtu kifo haikuwa kumtisha, ilikuwa kumwambia tuko wote humu. Na anasema angalia, jamaa hajajitoa, tamaa yake mwenyewe inakuwa majivu, anakufa naye.

Jamhuri: "Anakufa naye kwa mshororo mmoja. Mwili wa mama una funza kwa mishororo mitatu. Na wewe mjomba nikikwambia leo usiponipa hiyo baiskeli kuna siku utakufa na mchwa wataila, utasema nakubembeleza?"

Sikuweza kucheka sana maana nilikuwa natafuta njia ya ule mshororo unaofuata, ule maarufu, kwamba kaburi ni pahali pazuri pa faragha lakini sidhani kama kuna watu wanakumbatiana humo. Jaribio la kwanza:

*Kaburini siri sana,*
*kukumbatana hapana.*

Mizani iko sawa, vina viko sawa, na nikaona nimemaliza. Asubuhi nikaona nimeua. Kule kwa Marvell katikati ya sentensi kuna kaneno kadogo, "nadhani", mtu anaongelea kaburi halafu anasema nadhani, kama vile hajafanya utafiti. Ule ndio mkono wake, anakutisha halafu anakukonyeza. Bila nadhani anakuwa shehe wa mazishini. Nimefuta nimeandika zaidi ya mara kumi, na jana saa sita usiku umeme umekatika niko na tochi ya simu ikaja yenyewe:

*Faragha i kaburini;*
*wakumbatane? Sidhani.*

Nane, nane, na ile "sidhani" imekaa mwisho kabisa inakonyeza. Nilitaka kumwamsha mtu nimwambie. Katika mradi mzima hii ndiyo mishororo miwili ambayo sitakubali mtu aiguse.

Ila sasa nimejichongea. Mishororo hii ni mizuri sana, na uzuri wake unafanya kazi ya utetezi. Msomaji akicheka pale keshasamehe funza.

(Kando: Marvell mwenyewe alikufa 1678 kwa homa ya kwenda na kurudi, ndiyo malaria, enzi hizo Uingereza ilikuwepo. Wifi aliposikia alisema tu "pole yake", na akamaanisha.)

Wiki ya 3, Alhamisi

Kitu kikubwa leo. Nilikuwa nasoma habari za miaka ile ili niandike utangulizi, na nikakuta kwamba Mei 1650 bunge la Uingereza, hawa waliomkata mfalme kichwa mwaka uliotangulia, lilipitisha sheria ya zinaa. Mke wa mtu akikamatwa na mwanamume mwingine ni kifo. Wasiooana wakilala pamoja ni jela miezi mitatu, wote wawili. Sheria ilidumu mpaka mfalme aliporudi 1660. Na hili shairi wasomi wengi wanaliweka mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1650.

Sasa soma tena mshororo wa pili. *Si hatia.* Anamwambia bibie kwamba tungekuwa na muda, kukataa kwako kusingekuwa kosa la jinai. Kwa hiyo sasa hivi, kwa kuwa hatuna muda, ni kosa! Na sheria ya nchi inasema kinyume chake kabisa, kukubali ndiko kunakuweka jela miezi mitatu. Hata ukiiacha hiyo sheria, kulikuwa na nyingine ya tangu 1610, mwanamke akizaa nje ya ndoa mtoto akawa mzigo kwa parokia, mama anaweza kufungwa nyumba ya kurekebishia tabia mwaka mzima. Mama.

Nilimtumia wifi kwa maandishi, sikutaka voisi. Akajibu baada ya saa nzima: "Kwa hiyo mama hajivungi. Mama anahesabu." Nimeweka hiyo sentensi upande wa kulia peke yake, haina maelezo.

Mjomba, nilidhani atakasirika, akasema ni ushahidi mzuri na unakwenda pande zote mbili, maana mtu anayeandika "si hatia" mwaka huo anaweza pia kuwa anaikejeli sheria yenyewe, anawacheka wale wabunge walokole wanaotaka kuingia chumbani kwa watu. Hapo tena sikuwa na jibu. Hii kazi kila nikifunga mlango mmoja mjomba anapitia dirishani.

Wiki ya 4, Jumamosi

Kikao cha kwanza cha kikundi, tulikuwa sita kwangu, vitumbua na chai ya tangawizi, mvua. Tumesoma sehemu ya tatu, mishororo 14 ya mwisho. *Basi sasa*, anasema, wakati ngozi yako bado mbichi kama umande wa asubuhi, tucheze, tuwe kama ndege wawindaji wenye mapenzi, tuumeze wakati kuliko wakati utumeze sisi polepole, tuviringishe nguvu zetu zote na utamu wetu wote uwe mpira mmoja, tuchane raha zetu kwa purukushani mpaka tupenye malango ya chuma ya uhai.

Kuna binti kwenye kikundi, mkimya sana, mwanafunzi wa chuo, yeye ndiye aliyeona kitu ambacho sisi wote tulipita. Kasema sehemu ya pili imejaa *-ko*, uzuri wako, kaburi lako, heshima yako. Sehemu ya tatu ghafla ni *tu-*, tucheze, tuumeze, tuchane. Kwa Kiswahili inaonekana wazi kuliko Kiingereza maana imeshikana na kitenzi, huwezi kuikwepa. Kifo ni chako, raha ni yetu.

Mjomba akadaka hapohapo, ndio, na hiyo *tu-* ndiyo utetezi wangu, mwanamke hapa sio ua la kuchumwa, ni ndege mwindaji sawa na mwanamume, wanawinda wote, nguvu zetu na utamu wetu, hajasema nguvu zangu na utamu wako. Jamhuri: *tu* ipi hiyo na mmoja wao hajafungua mdomo? Mimi nikiamka nikasema tumekubaliana kuuza shamba la mjomba, tumekubaliana?

Walibishana mpaka chai ikapoa. Ila kilichonishangaza ni mjomba mwenyewe mwishoni. Shairi lina umbo la hoja, *kama... lakini... kwa hiyo*, na mjomba akaliandika nyuma ya bahasha kama alivyofundishwa zamani. Kama tungekuwa na muda, kukataa si kosa. Muda hatuna. Kwa hiyo kukataa ni kosa. Halafu chini yake akaandika: mvua ikinyesha barabara italowa, mvua haijanyesha, kwa hiyo barabara ni kavu. Na kama limepita bowsa la maji linavuja? Hoja imevunjika. Ni kosa la darasa la kwanza la mantiki. Na Marvell aliingia Cambridge ana miaka 12, alitoka na digrii 1639, mantiki wamemlisha kama uji. Hawezi kukosea vile bila kujua.

"Kwa hiyo," mjomba kasema, taratibu, miwani mkononi, "yawezekana wa kwanza kabisa kumcheka msemaji ni mshairi mwenyewe."

Jamhuri hakusema kitu, akamwongezea kitumbua. Hapo ndipo ile *wake* ya kwenye jina ilinirudia, ile niliyoandika siku ya kwanza. Bibie wake. Ya yule pale.

Nimetafsiri na ule mwisho hapohapo wakati wanavaa viatu, kwamba jua hatuwezi kulisimamisha ila tutalifanya likimbie:

*Jua halitasimama;*
*tutalikimbiza, mama.*

Hiyo "mama" pale mwisho Marvell hanayo, nimeitoa juu anapomwita bibie. Nakiri imeingia kwa ajili ya kina. Lakini ndivyo anavyoongea mwanamume wa huku akikaribia kumaliza saundi, au nasema uongo?

Wiki ya 5, Jumanne

Kazi ndogondogo. Nimesahihisha maelezo ya kushoto na kulia, mjomba kaandika kurasa nne, Jamhuri kaandika moja na nusu na imebana kama hati ya mashitaka. Wasiwasi wangu mmoja ulikuwa mwanamke haongei. Kwetu ukitupa shairi gazetini wiki ijayo unajibiwa, kwa vina vilevile, na ukizembea unajibiwa na watatu. Wazungu nao walikuwa na malumbano yao. Mshairi Marlowe kaandika mchungaji anamwita mpenzi wake njoo tuishi, nitakupa kitanda cha mawaridi na gauni la sufu, na mshairi mwenzake Raleigh akamjibu kwa sauti ya yule binti, kwa mwendo uleule, kwamba maua yananyauka na ndimi za wachungaji sio zote za kweli, zote mbili zikachapwa kwenye kitabu kimoja mwaka 1600. Jibu zuri, ila tena kaandika mwanamume. Na kuna shairi la Donne, Mwingereza mwingine, la kiroboto, jamaa anasema huyu mdudu katuuma wote, damu zetu zimeshachanganyika humo, sasa unaogopa nini, na kati ya ubeti wa pili na wa tatu mwanamke anamponda kiroboto kwa ukucha. Haongei lakini angalau kidole kinafanya kazi. Wa Marvell hana hata ukucha.

Mwanamke pekee aliyetia sahihi kwenye hii habari yote ni yule aliyetoa mashairi ya Marvell 1681, miaka mitatu baada ya kifo. Kaandika mbele ya kitabu kwamba ni mjane wake, Mary Marvell. Wasomi wengi wanasema alikuwa mtunza nyumba wake, Mary Palmer, na kwamba ujane ulihusiana na kesi ya pauni 500 zilizowekwa kwa jina la marehemu. Mjane wa kweli au wa kesi, bila yeye tusingekuwa na cha kubishania. Wifi anampenda huyu mama kuliko wote.

Nilitaka kuandika jibu mwenyewe, la bibie, mizani nane. Nimeandika beti mbili nikazifuta. Nilikuwa namwekea maneno mdomoni na nimetumia wiki tano kumlaumu mtu kwa hilohilo. Tumekubaliana na Jamhuri kwamba baada ya shairi tuweke ukurasa mmoja mtupu. Wa kwake.

Na lile neno: jina la kijitabu linabaki "Kwa Bibie Wake", sikuweka la tatu. Mshororo wa pili nimeweka *kujivunga si hatia*, ndiyo, la mjomba, kwa sababu anayeongea ni yule jamaa na yeye ndivyo anavyomwona. Pembeni kulia, kwa herufi ndogo, Jamhuri kaweka *kukataa si hatia*. Wifi aliuliza mara mbili kama nina uhakika. Nina uhakika kidogo.

Wiki ya 6, Ijumaa

Kijitabu kimetoka. Nilipeleka faili stesheneri jana na kuchukua leo, kopi kumi na mbili, kava la bluu, zimepigwa pini vizuri. Nikafungua pale pale kaunta. Shairi lipo. Faragha i kaburini ipo. Ukurasa mtupu haupo.

Kijana wa printa kaniambia kwa furaha kabisa, "dada kulikuwa na peji haina kitu katikati, nikaona umekosea nikaitoa, nimekuokolea na hela."

Nilimshukuru, nifanye nini. Nimenunua karatasi kumi na mbili nyeupe, nimekaa sebuleni nazikunja na kuzichomeka kwa mkono moja moja. Nimefika ya saba. Wifi anakuja kesho na stepla.